Kikaango cha Mama Chepe

Kila Ijumaa alasiri, jiko la Mama Chepe lilifanya kazi mbili. Kwanza lilichoma dhahabu, kisha likapika chakula cha jioni. Kikaango kilikuwa kimoja.

Mama Chepe alikuwa mchimbaji mdogo. Jina hilo alipewa machimboni, maana akishika chepe, wanaume walitafuta kivuli. Alisaga mawe, akaosha mchanga wake, akauchanganya na zebaki. Zebaki ni madini ya majimaji, yanang'aa na yanaishika dhahabu. Machimboni waliiita dawa. Donge la zebaki na dhahabu lilipopatikana, alilichoma kwenye kikaango. Zebaki ikatoka kama mvuke, dhahabu ikabaki.

Dawa aliletewa kwenye chupa na mnunuzi wa dhahabu, aliyeitwa Tajiri.

"Nakupa bure, mama," alisema kila mara. "Wewe uniuzie mimi tu."

Bei alipanga yeye. Na donge lilipochomwa, Tajiri hakuingia ndani hata siku moja. Alisubiri nje ya ua, leso puani. Eti ana mafua. Mafua ya miaka sita!

Mume wa Mama Chepe, ambaye wote walimwita Mzee, alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Kikombe cha chai kilifika mdomoni nusu. Majirani wakamcheka: "Mzee leo ameanza mapema!" Naye pombe hakuwahi kuionja maishani.

Kisha binti yao alikuja kujifungulia nyumbani. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Jirani yao mkunga alipokuja kumwangalia, alimkuta binti amekaa karibu na jiko, na mama yake anachoma donge.

"Mtoe huyo nje!" mkunga alisema kwa ukali. "Na wewe toka! Fungueni madirisha yote!"

Walitoka mbio. Uani, Mama Chepe alikunja uso. Kufokewa nyumbani kwake!

"Dada, ni moshi kidogo tu. Na kikaango nakiosha kwa sabuni na maji ya moto."

"Hiyo mnayoiita dawa ni sumu," mkunga alisema. "Mvuke wake huuoni wala husikii harufu yake. Unauvuta, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Unamfikia mpaka mtoto tumboni. Mwingine unabaki ukutani, kwenye bati na kwenye hicho kikaango. Sabuni haiutoi."

Mzee, aliyekuwa ameketi uani, aliitazama mikono yake.

"Kwa hiyo mimi si mlevi," alisema taratibu.

"Hujawahi kuwa mlevi, shemeji. Kesho twende hospitali wakupime."

Mama Chepe aliketi chini.

"Dawa gani hii isiyoponya mtu? Nimewakaangia watu wangu sumu kwa mikono yangu!" Akalia. Kisha akafuta machozi kwa kanga. "Sasa nitaishije? Benki nilikwenda kuomba mkopo. Waliniuliza hati ya nyumba. Nyumba yenyewe nimepanga! Wakaniuliza kumbukumbu za mauzo. Mimi nina chepe."

"Lakini mkopo unao tayari," mkunga alisema. "Ile chupa ya zebaki ndiyo mkopo wako. Unaulipa kwa bei anayotaka Tajiri, na unaulipa kwa mikono ya mumeo."

Mama Chepe aligeuka kumtazama Mzee. Hakuwahi kuliona jambo hilo hivyo.

"Peke yako huna dhamana," mkunga aliendelea. "Mkiwa kumi, mnadhaminiana. Undeni kikundi, mkisajili, mpate leseni ya uchimbaji. Kila gramu mnayouza iandikwe kwenye daftari, na stakabadhi itunzwe. Wekeni akiba kwenye chama cha akiba na mikopo. Baada ya hapo, mtakopa kwa haki."

Siku hiyo hiyo binti alihamia kwa mkunga. Zebaki haikuchomwa tena. Chupa na kikaango, Mama Chepe alivifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, akaiweka mbali na nyumba. Zebaki haimwagwi chini wala mtoni. Akamwita afisa wa mazingira aje kuichukua. Afisa akasema yuko njiani.

Kazi haikuwa lelemama. Wachimbaji tisa walikubali kujiunga naye. Waliosha mchanga kwa karai, wakapata dhahabu kidogo, wakalala njaa siku nyingine. Ofisi ya leseni iliwaambia "njooni kesho" mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili, Mama Chepe alikwenda na chepe lake, akaketi mlangoni. Leseni ikapatikana kabla ya saa sita.

Baada ya miezi minane ya kuweka akiba, chama kiliwakopesha. Walinunua meza ya kutikisa. Maji hupita juu yake, mchanga mwepesi huondoka, dhahabu nzito hubaki. Haihitaji zebaki. Waliuza kwa bei ya soko, wakaanza kulipa mkopo wao. Mjukuu alikuwa ameshazaliwa, analia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mikono ya Mzee haikupona kabisa, lakini chai sasa ilifika mdomoni.

Afisa bado alikuwa njiani.

Asubuhi moja alikuja Tajiri. Akasimama nje ya ua, kama kawaida yake. Wachimbaji wengine, ambao bado walichoma dawa yake majumbani, walikuwa wakipita kwenda kazini.

"Mama Chepe, umenitupa! Nimekuletea dawa mpya. Bure!"

"Asante," alijibu Mama Chepe. "Na mimi nina zawadi yako."

Alivaa glavu, akafungua ndoo, akatoa kikaango.

"Hiki nimekitumia miaka sita. Mpelekee mkeo, awakaangie watoto wako mayai."

Tajiri aliruka nyuma, leso puani.

"Usinisogezee hicho!"

"Kwa nini? Si dawa?"

Tajiri alizidi kurudi nyuma. Wachimbaji walikuwa wamesimama, wote wanamtazama. Kumbe alijua! Miaka yote sita alijua, na bado alileta.

Hakuna aliyekwenda kazini kwanza. Kila mmoja alirudi nyumbani kwake, jikoni. Kabla ya saa sita ndoo ilijaa vikaango, na Mama Chepe akaenda kutafuta nyingine.