Taa Kabla ya Adhana

Mwezi wa Ramadhani, kazi ya Firdausi ilikuwa kupitisha birika la maji ili wageni wanawe mikono kabla ya futari. Jioni ile, nyumbani kwao nyuma ya duka, mjini Kasulu, alimkanyaga mgeni na kupiga teke chungu cha futari. Uji wote ukamwagika mkekani.

"Huna macho?" baba yake, Saady, alifoka.

"Giza likiingia sioni, baba."

Mama yake, Asia, hakuelewa. Mchana binti anasoma vizuri, magharibi anapapasa kuta. Ugonjwa gani huo wenye saa zake?

Shemeji yake Asia, Hilali, akaleta kichupa cha matone. "Tiba mpya ya vinasaba hii! Muuzaji kaniapia."

Asia alifurahi, kisha akaogopa. Jicho halina spea. Asubuhi akampeleka binti kliniki ya macho, na kichupa mkononi.

Muuguzi Prudence, Muha wa kijiji cha Titye, alimmulika Firdausi machoni.

"Mama, nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Wake unachakaa. Inaelekea amerithi."

"Kwa nani? Mimi naona, baba yake anaona!"

"Wewe na mumeo ni ndugu?"

"Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Ndiyo desturi yetu."

"Ego, ndiyo. Sasa sikia. Vinasaba ni maelekezo ya mwili. Mtoto hupata nakala moja kwa baba, moja kwa mama. Huenda kila mmoja wenu ana nakala mbovu, ila ile nzima inamwokoa. Firdausi kapata mbovu mbili. Hata wasio ndugu hupata watoto wa hivi, ila kwa ndugu ni rahisi zaidi. Si laana, wala si kosa la mtu."

Asia alizidi kuchanganyikiwa. "Na matone haya?"

"Tupa! Tiba ya vinasaba yenyewe ni upasuaji. Bingwa huingiza nakala nzima ndani ya jicho. Inafaa aina chache tu za ugonjwa huu, tena nchi za mbali, na haiahidi macho mapya. Kwanza hospitali kubwa ipime damu, ijulikane ni kinasaba kipi."

"Sasa leo nifanye nini?"

"Washa taa mapema. Shuleni akae mbele. Na kama ana mdogo wake, mlete nimpime."

Nyumbani, Asia alieleza nusu, nusu ikampotea. Saady akainamisha kichwa. "Kumbe namfokea mtoto kwa kitu tulichompa wenyewe."

Jioni hiyo, kabla ya adhana, Saady mwenyewe aliwasha taa ya sola. Akaondoa viatu na masinia njiani.

"Vinasaba umevielewa?" Hilali alimuuliza Asia.

"Hata! Tutaelezwa tena tukienda kupima damu. Taa nimeielewa."

Firdausi akapita na birika, mgeni hadi mgeni, hakumkanyaga mtu. Akafika kwa baba yake.

"Nawa, baba. Leo nakuona."

Saady akanyoosha mikono.