Mita Zilizopungua Kwenye Tundu la Mwamba

Hadi leo mpimaji hajui zile mita zilikwenda wapi.

Kila mwezi yeye na kaka yake walipanda mlimani kupima tundu ambalo upepo na mvua vilikuwa vimelitoboa mwambani, pana kama lango la ghala, chini yake genge tupu. Tundu la namna hiyo hupanuka tu. Kaka alishika ncha ya utepe ukingo wa pili, mdomo haumkauki: "Vuta taratibu, bwana mdogo, mimi si ng'ombe!" Siku moja mdogo akavuta kwa mzaha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kaka akateleza, akatumbukia gengeni.

Baada ya maziko mdogo alipanda peke yake, jua likiwaka. Akapigilia msumari alipozoea kusimama kaka, akatundika ncha ya utepe, akazunguka hadi upande wake. Kwa mazoea akaita, "Umeshika?"

"Nimeshika."

Mita nane. Mwezi uliotangulia zilikuwa tisa.

Mwezi uliofuata, sita. Kisha nne. Ofisini hakuvipeleka vipimo hivyo. Alikuwa na neno moja la kumwambia kaka, na kila mwezi alishuka nalo.

Mama yao, fundi cherehani, alilikuta daftari la vipimo. "Jiwe likishaliwa halirudi, mwanangu. Kesho tunakwenda wote."

Wakaenda. Kijana akatundika ncha, wakazunguka; walipotazama ng'ambo, msumari ulikuwa mtupu. Utepe ulikuwa umenyooka, umekazwa, na ncha yake ilisimama katikati ya tundu. Hewani. Mita mbili.

"Hatua mbili tu, bwana mdogo," sauti ikanong'ona.

Akainua mguu. Mama akamdaka shati.

"Niache, mama. Sijamwomba radhi."

"Mwombe ukiwa hapa hapa."

Akalia. "Kaka, ni mimi niliyevuta. Nisamehe."

Utepe ukatetemeka. Haukulegea.

Hapo mama akakata shauri: tundu lile halitapimwa tena, na mtoto aliyebaki atabaki. Kijana hakuweza kuuachia utepe. Mama akatoa mkasi wake wa kazi.

"Niwie radhi, baba," akamwambia mwanawe mkubwa. "Mwachie mwenzio."

Akakata.

Kipande cha upande wa pili hakikuanguka. Kilijikunja pale pale hewani, duara juu ya duara, polepole, kama kaka alivyozoea kukunja utepe kazi ikiisha.