Thamani ya Namba Nne

Karatasi moja tu ndiyo iliyoibwa. Kompyuta, simu, hata saa ya dhahabu ya mwenye ofisi, vyote vilikuwa palepale mezani, ghorofa ya ishirini na mbili, Jumeirah Lake Towers.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Inspekta Zahor, mzaliwa wa Dubai, mjukuu wa Unguja. Hakucheka.

Mwenye ofisi, Mohannad, kazi yake ilikuwa kupima thamani ya wachezaji wa kandanda ya Australia, hasa wale waliochaguliwa mapema ujanani kisha wakaporomoka. Masikini hao! Husifiwa wakiwa na miaka kumi na minane, na wakifika ishirini na mitatu huulizwa kwa nini hawajagusa mbingu.

"Karatasi ilimhusu nani?"

"Hatuandiki majina. Tunaandika alichaguliwa wa ngapi ujanani. Huyu ni Namba Nne."

"Ilisemaje?"

"Timu hizi hubadilishana wachezaji kwa zamu za kuchagua vijana, Inspekta. Anayetangulia huchukua walio bora, kwa hiyo zamu yenye namba ndogo ndiyo yenye thamani. Mwaka jana goti lake lilikuwa bovu, nikasema anastahili zamu ya thelathini na nane. Wiki hii kliniki ya Oud Metha imethibitisha limepona. Nikampandisha hadi ya tisa, nikaandaa ripoti kwa timu inayomtaka."

"Na timu ikapokea nini?"

"Ripoti ya mwaka jana! Mtu alitoa mpya kwenye bahasha, akatia ya zamani. Ritah akaipiga picha na kuituma kwa barua pepe bila kuisoma. Timu iliyomtaka ikajitoa. Nilipopigiwa simu, dirisha la kubadilishana lilikuwa limeshafungwa. Khalas, basi. Atakaa benchi mwaka mzima, na kwa mwenye goti kama lile, huo ndio mwisho."

Ritah, karani wake, alikuwa analia. "Sir aliniambia nitume, nikatuma. Naapa sijahongwa."

Zahor alimwamini. Aliichukua ile ripoti ya zamani na kuipeleka maabara.

Kesho yake mtaalamu wa alama za vidole alipiga simu. "Alama zipo, ila mistari imelika. Mtu huyu anashika dawa kali za usafi kila siku."

Kampuni ya usafi ilitoa kumbukumbu zake. Eseza, Mganda, mkazi wa Karama, alikuwa amesafisha ghorofa ya tano kwa miaka minane. Wiki mbili zilizopita aliomba mwenyewe kuhamishiwa ya ishirini na mbili. Pale fomu ilipouliza sababu, hakuandika kitu.

Kituoni, Zahor hakuzunguka.

"Bi Eseza, Namba Nne ni nani kwako?"

"Ni Henry. Mtoto wangu."

"Ulimjuaje bila jina?"

"Dada yangu alimpeleka Melbourne, Australia, akiwa na miaka sita. Mwezi huu amekuja kupimwa goti, akaniambia ofisi inayompima iko kwenye jengo langu. Nikaomba kuhama. Nilitaka tu nisafishe hiyo meza wanayomwandikia."

"Kisha?"

"Asubuhi nikakuta bahasha ya Namba Nne, namba aliyochaguliwa nayo, iko wazi, na karatasi ya mwaka jana iko pembeni. Ya zamani, thamani thelathini na nane. Mpya, tisa. Afande, huyo mtoto amelia na goti miaka miwili. Halafu wamshushe mpaka tisa? Nikarudisha ile kubwa. Hiyo nyingine nikaichana."

"Lakini alipochaguliwa wa nne mlishangilia."

"Hiyo ilikuwa nafasi, kama ya darasani. Hapa waliandika thamani."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Zahor alitamani sana kazi hii ingekuwa ya mtu mwingine. Akamweleza polepole maana ya tisa, na kwa nini timu ilijitoa.

Eseza alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Andika nilihongwa," alisema. "Andika nilikula pesa ya timu nyingine. Anichukie kwa hiyo, afande. Nakuomba."

"Siwezi, mama."

Nje ya mlango sauti ya kijana ilikuwa ikibishana kwa Kiingereza na askari wa zamu. Ilikuwa ya Henry.

"Mmemkamata asiyehusika! Mama yangu ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kuniharibia. Nifungulieni nimwone!"

Zahor aliinuka. Eseza akamdaka mkono wa shati.

"Afande," alisema, "usifungue kwanza."