Pumzi Chini ya Sitaha

Jua lilikuwa linazama fundi alipopanda ngazi ya mashua ya tanga, msumeno mkononi. Mashua ilikuwa juu ya magogo karakanani tangu mumewe afie humo, katika chumba cha chini ya sitaha, usingizini, jiko la mkaa likiwaka. Sasa ilikuwa mali ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye alikuwa anaiuza.

"Kila mlinzi anayelala humo anaamka akikohoa," shemeji alimwambia, akiwa chini. Yeye mwenyewe hakuwa ameingia humo tangu msiba. "Toboa tundu jipya la hewa, shemeji. Yale ya zamani yaache."

"Kwa nini?"

"Yameoza. We yaache tu."

Ukikatazwa kwa sauti ile, mkono unawasha. Fundi alikwangua rangi kwenye tundu moja la zamani, upande wa nje. Mbao zilikuwa nzima kabisa. Ila tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa chenye lami. Alikivuta kwa koleo...

Mkono wa shati. La mistari. Lile la shemeji mwenyewe, ambalo alidai liliibiwa kwenye kamba ya kuanikia, wiki ile ile ya msiba.

Kumbe.

Na hapo tundu likavuta pumzi.

Taratibu... kama mtu aliyezamishwa majini muda mrefu. Likaitoa. Hewa ya moto ilimpiga usoni, inanuka mkaa na sabuni ya kunyolea ya mumewe.

"Mwite," ikanong'ona.

Angeweza kushuka. Angeweza kukimbilia polisi na kile kitambaa. Lakini alikumbuka jinsi shemeji alivyolia begani kwake msibani, naye, mjinga wa watu, akambembeleza. Alikificha kitambaa mfukoni, akaita.

"Shemeji! Tayari. Njoo uone hewa inavyopita."

Shemeji alisita. Lakini mnunuzi alikuwa anakuja kesho. Akapanda, akainama, akaingia.

Mfuniko wa mlango wa chumba ukajifunga. Paa!

"Shemeji, fungua! Moshi!"

Humo hamkuwa na jiko. Hamkuwa hata na kiberiti. Aligonga. Akakohoa. Akaanza kumwomba radhi kaka yake, kama anayemwona mbele yake. Fundi alisimama pale pale, mikono imening'inia, mpaka kukawa kimya.

Mfuniko ukafunguka wenyewe.

Daktari alisema kilichomuua ni moshi wa mkaa. Ulikotoka, hakuna aliyejua.

Asubuhi fundi alikwenda kwa mama mkwe, aliyewazaa ndugu wote wawili. Bi kizee alimsimamisha mlangoni.

"Ulimsikia akigonga?"

"Nilimsikia, mama."

"Na mlango?"

"Sikuugusa."

"Hukuugusa." Hakulia. Alimkazia macho mkwewe, kisha akatazama juu ya bega lake, muda mrefu. Akasogea kando, akaufungua mlango wote.

"Karibuni," alisema.

Fundi alikuwa amekuja peke yake.