Sentimita Thelathini na Moja

Saa tatu asubuhi darajani hapapitiki. Mikokoteni, pikipiki, wauza matunda, kila mtu anamsukuma mwenzake. Chini ya daraja, kwenye mto uliobaki mstari mwembamba tu, dada mmoja alikuwa amesimama ndani ya mabuti ya mpira, suruali ya kaki, kilemba chekundu kilichofungwa kwa maringo. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya maji, akisoma ubao wa kupimia kina. Wachuuzi walimwita Bi Sentimita, naye aliitika.

"Dada, umepoteza nini humo, pete?"

Aliyeuliza kutoka juu ya daraja alikuwa kaka mmoja mwenye ovaroli la buluu na grisi hadi viwikoni, fundi pampu wa kiwanda cha nguo kilicho kando ya daraja.

"Natafuta maji. Umeyaficha wapi?"

"Salamu bado, umeshanishtaki?"

"Pampu yako inakunywa kuliko mji mzima. Nikushtaki mara ngapi?"

Fundi alicheka hadi akashika reli. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Wiki ya tatu simu zao zilikuwa zinapata moto.

"Umekula, mpenzi?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Basi njaa ikikuuma usinitafute!"

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika ukame ule sheria ilikuwa moja: kina kikishuka chini ya sentimita arobaini, kiwanda kizime pampu, maji yaliyobaki yaende kwenye mabomba ya mtaa wa chini. Huko ndiko alikokaa shangazi aliyemlea Bi Sentimita. Kila siku saa nne, namba ya binti huyu ndiyo iliyoamua.

Ubao ukasoma arobaini na tano, arobaini na mbili. Kisha asubuhi moja, bila tone la mvua, ukasoma hamsini na mbili. Ofisini mkuu wake akapiga makofi. "Mto umefufuka!" Kiwanda kikaendelea kuvuta. Siku ya pili shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, huo mto wenu umefufukia wapi? Bomba langu linapiga miluzi tu."

Binti akakata simu. Akachukua kipima mwendo, kile chenye feni ndogo inayozungushwa na maji, akaingia mtoni. Feni ikazunguka mara moja, ikasimama. Maji yalikuwa na kina, lakini hayaendi. Akafuata ukingo kuelekea chini, hatua kama mia, na hapo akayaona: magunia ya mchanga yamepangwa kutoka ng'ambo hii hadi ile. Na aliyekuwa ndani ya maji akiongeza jingine, ovaroli limekunjwa hadi magotini, alikuwa mpenzi wake.

"Kumbe ni wewe!"

"Mpenzi, pampu ilikuwa inavuta hewa. Nimeinua maji kidogo isije ikaungua."

"Na ubao wangu umeinuka nayo! Nimewaandikia watu kwamba mto umejaa, kumbe nasoma bwawa lako. Shangazi yangu hana maji kwa saini yangu!"

"Haki ya Mungu, ubao sikuufikiria."

"Hukuufikiria ubao, hukunifikiria na mimi."

Akampa kisogo. Siku nzima fundi alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndiyo jina?" Akakata. Na alilia, nisiwafiche, alilia hadi kilemba kikalowa.

Ofisini, mkuu alipoelezwa habari ya magunia alifunga mlango kwanza. "Ubao unasoma hamsini na mbili?"

"Unasoma, lakini..."

"Basi andika hamsini na mbili. Mwenye kiwanda ni mtu mkubwa. Kesho saa nne nataka namba hiyo, la sivyo usirudi hapa."

"Liwalo na liwe," binti akajibu, akatoka bila kuaga.

Asubuhi alivaa gauni la manjano pamoja na mabuti yake. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa amependeza! Alimkuta fundi majini hadi kiunoni, anayang'oa magunia, viganja vimechubuka.

"Msimamizi wa kiwanda amenifukuza tangu saa moja, nilipoanza kuyang'oa," fundi alisema. "Nisamehe."

"Bado mangapi?"

"Manne."

Akapandisha gauni, akashika ncha ya pili ya gunia. La mwisho lilipotoka maji yalikimbia kwa kishindo kuelekea mtaa wa chini. Wakasimama mbele ya ubao, bega kwa bega, wakitazama maji yakishuka. Kule kiwandani pampu ikavuta hewa, ikakohoa, ikazima.

"Nilitaka kusema..."

"Nyamaza, nasoma."

Saa nne simu ikalia. Binti akaiweka sauti ya juu, na wachuuzi wote wakainama kwenye reli ya daraja kusikiliza.

"Ngapi?" mkuu akauliza.

"Thelathini na moja. Pampu isiwashwe tena."

"Binti, nilikuambia nini jana?"

"Wewe andika barua yako ya kunifukuza, mimi naandika namba yangu. Ukibisha ninaye shahidi hapa, mume wangu mtarajiwa."

Fundi aligeuka, macho yamemtoka. "Mume mtarajiwa? Nani amekuposa?"

"Wewe. Umechelewa tu kusema."

"Alo? Alo!" mkuu alipiga kelele. "Mnafanya nini huko?"

Fundi akaichukua simu kwa vidole vyake vilivyochubuka.

"Subiri kidogo, mkuu," alisema. "Naposa."