Ngoma Ndani ya Spika za Kwai

Asubuhi ya Jumapili Sabra alikuwa jikoni anamenya viazi aliposikia njuga. Hazikulia barabarani wala kwa jirani. Zililia sebuleni mwake. Alifuta mikono kwenye khanga akaenda kuchungulia. Deki ya kaseti ilikuwa imezimwa, waya wake umechomolewa ukutani kama mumewe alivyouacha, na zile spika mbili zimetulia kwenye rafu, kila moja na kitambaa chake cheusi usoni. Akarudi kwenye viazi. Njuga zikaanza tena.

Mumewe, Rajabu, alipoambiwa alicheka. Tusimlaumu mapema, maana ukipenda, chongo huita kengeza, na Rajabu alizipenda spika zile kupita kiasi. Alikuwa mchuuzi wa karoti na kabichi, akikusanya mzigo mashambani na kuupeleka Tanga, na katika mizunguko hiyo alizikuta Kwai, kwenye nyumba kongwe ya mfugaji aliyefariki, watoto wake wakihamisha vitu. Zilikuwa spika ndogo za mbao, za kuweka kwenye rafu, zilizotengenezwa ng'ambo miaka ya sabini, wakati watu walipokuwa bado wanatengeneza kitu ili kidumu. Alizipakata mapajani kutoka Kwai mpaka nyumbani kwake Magamba, akazipaka mafuta ya nazi, akazitafutia amplifaya na deki ya kaseti. Kisha akachora alama ya chaki sakafuni pa kuweka kiti, akidai kwamba sauti za spika mbili hukutana hapo tu, si kwingine. Sabra, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi mitano na alihitaji zaidi kitanda cha mtoto kuliko amplifaya, alimtania kwamba ameoa mke wa pili, tena pacha.

Mwenzake katika wazimu huo alikuwa Kristian, mwalimu wa kwaya ya kanisani, jirani yao. Wanaume wawili wazima walikaa wameinamisha vichwa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

"Sikiliza, mgosi," Kristian alikuwa akinong'ona, akimwita mwanaume mwenzake kwa Kisambaa. "Yule mwimbaji wa kulia amevuta pumzi. Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Kwenye redio ile ya zamani tulikuwa hatujui kama watu hawa wanapumua."

Sasa basi, Alhamisi kabla ya Jumapili ile, Rajabu alitoa kanda ya marehemu baba yake. Ilikuwa imerekodiwa zamani, siku ambazo mama yake, Bi Hidaya, bado bi arusi, alikuwa akisumbuliwa na pepo na ukoo ukamchezea ngoma ya kumpunga. Wenye ngoma hiyo huwa na utaratibu wao. Hupigwa wimbo mmoja baada ya mwingine mpaka ufikiwe ule wa pepo mwenyewe. Hapo pepo hupanda kichwani kwa mgonjwa, ambaye huitwa kiti chake, huamkiwa kwa heshima, huulizwa jina na anachotaka, hupewa, kisha huimbiwa wimbo wa kumuaga. Kanda hiyo ilichezwa miaka mingi kwenye redio ndogo ya jikoni, ikisikika kama maharage yanayotikiswa ndani ya debe, na hata Bi Hidaya mwenyewe aliicheka. Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa Bumbuli kwenye matanga ya dada yake.

Kanda ilipoanza, Kristian alishika mkono wa kiti. Ngoma kubwa ilikuwa kushoto, karibu na dirisha. Mwenye njuga alikuwa kulia, anakanyaga. Katikati, pale ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta, mzee mmoja alikohoa.

"Watu wamo humu ndani," alisema Kristian. "Mgosi, wallahi, watu wamo humu ndani." Akacheka kwa kuwa yeye Mlutheri ameapa Kiislamu.

Sabra aliingia na sinia la chai na mihogo. Alisimama mlangoni. Vikombe vikaanza kugongana, kidogo kidogo, kwa mapigo yaleyale ya ngoma, na mabega yake yakaanza kwenda. Ndipo msikitini wakaadhini magharibi. Rajabu alilelewa vizuri: muziki haushindani na adhana. Akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, wimbo ukakatika katikati. Sabra aligutuka kama mtu aliyezibwa mdomo. Chai ilimwagika, wakasema ni uchovu wa mimba, wakapanguza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Lakini mgeni huyu aliitwa kwa heshima zote, akafika, akafungiwa mlango usoni kabla hajaamkiwa.

Jumatatu nyumba ilinuka udi. Hakuna aliyechoma udi. Harufu ilitoka rafuni, ikakaa kwenye mashuka na kwenye maziwa. Jumanne Sabra aliacha kula chakula chenye chumvi, na kila alipokaa vidole vyake viligonga meza, vinaacha, vinagonga. "Sijui navigonga," alimwambia mumewe, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Rajabu, naogopa. Mtoto hachezi nikisikia njuga. Ananyamaza kama anayesikiliza."

Rajabu hakucheka tena. Aling'oa waya zote nyuma ya spika, akazifunga fundo, akazitia kwenye droo.

Siku iliyofuata ukungu ulishuka mapema, ule ukungu wa Magamba unaoingia hadi chini ya vitanda, na aliporudi na lori adhuhuri akaona taa haijawashwa na mlango uko wazi, akaita hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe bila kujua kwa nini anaita, akapita ukumbini huku harufu ya udi ikimkaba koo, akasikia ngoma, si kwa masikio tu bali kwenye nyayo, ngoma kubwa kushoto na njuga kulia na yule mzee akikohoa katikati, na alipofika sebuleni akamkuta mkewe amekaa juu ya alama ya chaki, mgongo wima, macho yamefumbwa, mikono miwili imelishika tumbo, na spika zisizo na waya hata mmoja zikipiga wimbo uleule hadi neno lilelile ambapo yeye alibonyeza kitufe, zinakatika, zinaanza upya. Akaweka kiganja kwenye kitambaa cheusi. Kilikuwa na joto, na kilikuwa kikitoka na kurudi, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Washa," alisema Sabra kwa sauti nzito ya kiume. "Malizia."

Bi Hidaya alirudi kutoka Bumbuli siku iliyofuata. Hakuvua hata viatu. Alisimama katikati ya sebule, akanusa, akakaa chini sakafuni.

"Shikamoo mama," alisema Rajabu.

"Marahaba. Mlimpigia?"

"Kanda ya baba. Tuliipiga miaka yote, mama, hata wewe ulikuwa unacheka."

"Ile ya jikoni ilikuwa kelele. Yeye si mjinga, anajua ngoma na anajua debe." Aliteremsha sauti, akamvuta mwanawe karibu. "Hizi zimempigia ngoma kweli. Anaitwa Mwinyi Kombo. Amekuja akanitafuta mimi, hakunikuta. Kamkuta mkeo."

"Basi nizichome! Nizichome sasa hivi!"

"Polepole, anasikia. Ukichoma mlango, aliyekwisha kuingia atatokea wapi?"

Rajabu alilia mbele ya mama yake, mtu mzima mwenye ndevu, na hakuona haya. Alikuwa akimpenda Sabra kuliko alivyowahi kumwambia, na alijua kwamba kwa mkono wake mwenyewe, tena wa kushika dini, amemkabidhi kwa kitu asichokiona.

Mganga alipatikana Bulwa, ng'ambo ya pili ya milima, kwenye mashamba ya chai. Aliitwa Bi Shukrani, mama mfupi mwenye miwani. Marehemu baba yake ndiye aliyempunga Bi Hidaya, na ndiye yule mzee anayekohoa kwenye kanda. Alifika Jumamosi alasiri, akiwa na chetezo, ubani na kitambaa chekundu. Alimkuta Sabra amelala hawezi kuinuka. Siku mbili hakuwa ametia kitu kinywani.

"Wimbo wake siujui," alisema Bi Shukrani waziwazi. "Baba hakunifundisha, na wapigaji wake wote wamekufa. Turudishie waya, mwanangu. Aliitwa na hawa wa kwenye kanda, aagwe na hawa."

Kristian alizifunga waya mwenyewe, huku anasali kimoyomoyo. Sabra akakalishwa juu ya chaki, amefunikwa kitambaa chekundu. Kanda ikaanza. Yule mzee alipokohoa katikati ya ukuta, Bi Shukrani akavua miwani. "Baba," alisema, akajifuta, kisha akaendelea na kazi.

Wakafika pale ulipokatika wimbo. Safari hii haukukatika. Spika zilipiga, ngoma ikazidi, njuga zikazunguka chumba hadi Rajabu akageuza kichwa kuzifuata, na ubani ukasimama wima hewani kana kwamba dari limeinuliwa, na chini ya kitambaa chekundu kichwa cha Sabra kikaanza kuzunguka, mara taratibu, mara kwa kasi ambayo shingo ya mwanadamu haipaswi kuiweza, mpaka kitambaa kikaanguka na macho yaliyofunguka hayakuwa ya Sabra.

"Karibu, Mwinyi Kombo," alisema Bi Shukrani. "Tumekosa. Tunaomba radhi. Sema unachotaka, kisha uende."

"Siendi." Sauti ilitoka kinywani mwa Sabra na kwenye spika zote mbili. "Nilifungiwa mlango. Kiti changu cha zamani kimechakaa. Hiki kipya. Tena kina nafasi ya wawili."

Rajabu alitaka kumrukia, Kristian akamshika kiunoni. Ndipo Bi Hidaya alipoinuka pale alipokuwa. Alitembea mpaka mbele ya spika, akakaa sakafuni, mgongo kwa mwanawe, miguu ameinyoosha kama bi arusi anayepakwa hina.

"Kombo," alisema taratibu. "Kiti chako ni mimi. Huyu hajui hata nyimbo zako. Mimi nazijua zote. Mwache mtoto wa watu, uje nyumbani."

Spika zilivuta pumzi.

"Utanipa nini?"

"Sema."

"Ngoma yangu. Kila Alhamisi. Na hawahawa wapigaji wangu. Siku nitakapoikosa, nitakaa ninapotaka."

"Usikubali, mama," alisema Rajabu.

"Nimekubali," alisema Bi Hidaya, na Bi Shukrani akainamisha kichwa kuonyesha kwamba neno limepokelewa na halirudi.

Sabra akaanguka ubavu. Alipofumbua macho aliomba maji, kisha akashika tumbo, akaanza kucheka na kulia, maana mtoto alikuwa akipiga mateke. Bi Hidaya hakugeuka kumtazama. Alikuwa akitikisa mabega, na aliposema "Malizia", sauti haikuwa yake.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakamwita Rahma. Nyumba ilitulia. Siku sita za wiki Bi Hidaya ni yuleyule, anabembeleza mjukuu, anagombana na kuku. Alhamisi jioni hujifunga kitambaa chekundu, hukaa mbele ya spika, naye Rajabu huwasha. Hasafiri tena Alhamisi. Adhana ikilia hakiguswi kitufe, ngoma inaendelea, na anayepita barabarani kwenda msikitini hutikisa kichwa kumhurumia.

Kristian alijaribu kusaidia. Alihamisha ngoma yote kwenye flashi, kazi safi, isiyo na mkwaruzo. Waliipiga mara moja tu. Sauti ikatoka kwa Bi Hidaya ikasema, "Hawa si watu wangu," na chumbani kule mtoto Rahma akaacha kulia ghafla, katikati ya kilio, wakarudisha kanda mbio.

Lakini kanda ni utepe, na utepe huchakaa. Kila inapopita kwenye deki huacha vumbi la kahawia, ambalo Rajabu hulipangusa kwa pamba na spiriti. Njuga zilitangulia kufifia. Kisha kikohozi cha mzee. Alhamisi iliyopita ngoma kubwa ilisikika kama inapigwa bonde la pili, na Bi Hidaya akaacha kutikisa mabega. Aligeuka, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakumtazama Rajabu. Alimtazama Sabra, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mbona wanapiga mbali?" iliuliza ile sauti.

Rajabu akarukia kitufe cha sauti kuiongeza. Kilikuwa kimeshafika mwisho.