Naibu wa Babu

Kila Jumamosi asubuhi Mbinya alipangusa gari la baba yake, Nzomo. Lilikuwa kuukuu, limetoka Japani, lakini huko kwao karibu na Zombe, mwaka huo wa 1998, lilitazamwa kama bibi harusi.

Juu ya kioo cha mbele, upande wa abiria, palikuwa na picha: mtoto kitini, mfuko mkubwa ukimfumukia, na mstari mwekundu umeikata. Maandishi yalikuwa ya Kijapani. Mbinya aliona inaharibu sura ya gari, akabandika juu yake karatasi ya kanisani: "Safari Njema na Yesu."

Kisha akakifunga kiti cha mdogo wake mbele, mgongo wake ukielekea dashibodi. Kilikuwa zawadi ya shangazi. Mtoto alikuwa wa miezi mitano, naye aliitwa Mulei kama babu yake. Katika nyumba za Wakamba, aliyepewa jina la babu ndiye babu mwenyewe. Na mzee huketi wapi? Mbele!

"Babu, umepinduliwa," Mbinya akamtania mzee Mulei alipokuwa akipanda nyuma.

"Mwache atawale. Yule ni mimi. Huoni hata upara ni wangu?"

Walipofika sokoni Zombe, babu mdogo akaangua kilio.

"Simnyonyeshi huku gari linarukaruka," alisema mama yake, Ndila. "Nendeni mkatie mafuta. Nawangoja hapa dukani."

Akashuka na mtoto. Mbinya akatwaa tikiti maji walilonunua, akalikalisha kitini na kulifunga mikanda.

"Huyu ni naibu wa babu!"

Hata Nzomo alicheka, akaondoa gari. Bado anacheka, punda akakatiza barabara. Nzomo akakwepa. Gari likavamia kisiki.

Mlio ulipasuka kama bunduki. Moshi mweupe ukajaa. Mbinya alijipapasa: mzima. Babu, mzima. Baba alikuwa akikohoa, mkanda kifuani. Lakini kile kiti cha mtoto kilikuwa kimebamizwa nyuma, kimepasuka mgongo. Mfuko uliotoka kwenye dashibodi ulining'inia mbele yake kama ulimi. Na tikiti... maji mekundu yalikuwa yakitiririka hadi chini.

Mbinya akafungua mlango, akashuka.

Ndila alikuja mbio, mtoto kifuani. Alitazama kiti. Akamtazama mtoto. Akakaa chini vumbini.

Juu ya kioo, karatasi ya kanisani ilikuwa imebanduka. Picha ya Kijapani ikawatazama wote.

"Baba," Mbinya akasema, "ni mimi niliyeifunika."

"Na mimi niliiona kabla hujaifunika," Nzomo akajibu. "Nikasema, Kijapani sikijui. Kwani picha nayo inahitaji Kijapani?"

Mzee Mulei alimpokea mjukuu, akampakata.

"Sikieni. Sasa picha ile naielewa. Mfuko ule humwokoa mtu mzima, lakini kwa mtoto mchanga ni nyundo. Kuanzia leo kiti chake ni nyuma, kimefungwa imara. Na onyo msilolielewa, ulizeni, msilifunike."

"Lakini babu, heshima ya jina lako?" Mbinya akauliza, akipangusa machozi.

"Heshima yangu ni yeye kuota mvi. Akishazeeka kama mimi, na akae mbele."